Pacha watatu njiani, tupo Wete: Noah ya siti saba au ya siti nane?

Mtu_wa_Utaani

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Mama watoto ana mimba ya wiki 22 na ultrasaundi imeonesha pacha watatu. Nyumbani tayari yupo mwengine wa miaka mitano. Tulichonacho ni Vitz, na nikiipiga hesabu vipi haitotosha. Safari zetu ni Wete hadi Chake karibu kila wiki, Mkoani kwa ajili ya Hospitali ya Abdalla Mzee au boti, na shamba, ambako kipande cha mwisho ni udongo mwekundu. Bibi yao akiwa nasi tunafika watu saba.

Mfuko unacheza kwenye Noah au Voxy ya 2007 kuendelea, nikijibana sana Alphard za mwanzo. Naona zipo Noah za siti saba na za siti nane, na kila muuzaji anaisifu yake. Nane ni nyingi kuliko saba, lakini nahisi mambo hayako hivyo. Wanaoyajua magari haya wanambie: siti zipi, injini ipi niikimbie, na viti vya watoto vitatu vitakaaje?

FundiMtoni

Waalaykum salaam. Hongera sheikh, Mungu amjaalie mama uzazi wa salama.

Unavyohisi ndivyo. Ukiwa na vichanga watatu usihesabu siti, hesabu mikanda ya pointi tatu (inayoshika kiunoni na begani) na njia ya kupita. Siti yenye mkanda wa kiunoni tu haifungi kiti cha kichanga, na siti isiyofikika mpaka ung'oe kiti cha mtoto ni kama haipo.

Noah na Voxy ni gari moja, zinatofautiana sura. Za 2001 hadi 2007 (AZR60) na za 2007 hadi 2014 (ZRR70) zote zina milango ya kuburuza kulia na kushoto. Noah ya miaka ya 90 mlango wa kuburuza upo kushoto tu, hiyo iache. Siti saba maana yake safu ya pili ina siti mbili zilizoachana, katikati uchochoro. Siti nane ni benchi la watu watatu lililokatwa vipande viwili. Zipo pia za siti tano zenye safu mbili tu, zinauzwa rahisi na picha za nje hazioneshi, kwa hiyo omba picha ya ndani.

Kwa hali yako ningechukua ya siti saba. Vichanga wawili safu ya pili, wa tatu safu ya nyuma upande wa kushoto, mama anapita uchochoroni na kukaa nyuma ubavuni mwake. Kuna jambo wengi hawalifikirii: kiti cha kichanga hufungwa mtoto akitizama nyuma ya gari. Aliyekaa safu ya tatu ndiye anayewaona usoni wale wawili wa mbele yake, na mkono unawafika. Aliyekaa mbele na dereva anaona migongo ya viti tu.

Mkiwa saba: wewe kwenye usukani, bibi mbele, wawili safu ya pili, nyuma kichanga, mama na huyo wa miaka mitano. Kaa mwenyewe kwenye ile siti ya nyuma katikati kabla hujalipa. Ni nyembamba, na kwenye gari nyingi za miaka hiyo mkanda wake ni wa kiunoni. Mtu mzima atakaa kwa safari fupi, lakini kiti cha mtoto hakifungwi hapo.

Sasa injini. AZR60 ina 1AZ-FSE, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kaboni inajaa njia ya hewa, gari ikisimama mzunguko unapanda na kushuka, mara inazima. Pampu yake ya presha kubwa ikichoka inaweza kuvujisha petroli ndani ya oili: vuta kijiti cha oili unuse, kikinuka petroli na kiwango kimepanda, usiendelee na mazungumzo. ZRR70 ina 3ZR-FE au 3ZR-FAE, zote cc 1,986. FAE ina mtambo wa Valvematic, inabana mafuta kidogo, lakini kidhibiti chake kikifa gari inapoteza nguvu na spea yake si ya bei ya mchezo. Kwa mtu wa Pemba ningesema tafuta FE, hata ikibidi kusubiri. Bati la chesisi ndani ya boneti linataja aina ya injini, usitegemee maneno ya muuzaji.

Giaboksi nyingi za hizo ni CVT, yaani ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Mafuta yake ni Toyota CVT Fluid, TC au FE kama kitabu kinavyosema, na si ATF (mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida) ya kopo lolote. Mtu akitia ATF ya kawaida gari itatembea vizuri tu kwa muda, ndiyo maana wanadanganyika. Mkanda wa ndani unaanza kuteleza, baadaye unavuma kama pangaboi. Ijaribu ikiwa baridi kabisa asubuhi: tia D, isichelewe kushika wala isidunde. Halafu ipandishe kilima, Pemba hamkosi vilima, watu wanne ndani na AC imewashwa. Mzunguko wa injini ukipanda na gari haiongezi mwendo, rudisha funguo.

Milango ya kuburuza ya umeme ni tamu mno ukiwa umebeba mtoto kila mkono, lakini mchanga na chumvi ndio adui zake. Kinachokufa ni waya wa chuma unaovuta mlango na rola ya kati. Fungua na funga kwa swichi mara kadhaa. Ukisikia mkwaruzo, au mlango unafika nusu na kurudi wenyewe, ujue kazi ipo. Kuna swichi kuu ya kuzima umeme wa mlango karibu na usukani. Izime, kisha uburuze kwa mkono. Ukiwa mzito hata hapo, reli au rola ndiyo mbovu, si mota. Baada ya kununua, futa reli kwa kitambaa kikavu na utie grisi kidogo ya silikoni. Grisi nyeusi ya baringi inakusanya mchanga, baada ya mwezi una msasa.

AC ya nyuma ndiyo ningeikagua kuliko hata redio na rimu wanazozisifia. Vichanga watatu nyuma, jua la saa saba, feni ya mbele peke yake haifikishi. Mabomba yake yanapita chini ya bodi, na kwetu chumvi inayatoboa. Ingia chini na tochi, fuata mabomba toka mbele hadi nyuma. Ukiona uchafu wa mafutamafuta kwenye kiungo, gesi inatoka hapo. Kisha kaa safu ya tatu dakika kumi gari ikiwa imesimama juani.

Nesi_Chake

Kaka, FundiMtoni kaimaliza gari. Mimi naongezea viti, maana humo ndimo watu wanamopotelea.

La kwanza ni wakati. Pacha watatu aghalabu huzaliwa kabla ya wiki 37, wengi karibu na wiki 32 au 33, na mara nyingi kwa upasuaji. Kwa hiyo lengo lako lisiwe tarehe ya makadirio aliyopewa mama. Gari na viti viwe vimeshafungwa na kujaribiwa mimba ikifika wiki 28.

La pili ni uzito. Kila kiti kina uzito wa chini ulioandikwa kwenye lebo au kitabuni. Viti vingi vya Marekani huanzia kilo 1.8 au 2.3. Vya Ulaya vingine vimeandikwa "kuanzia kuzaliwa" tu, lakini mikanda ya mabega haishuki vya kutosha kwa mtoto wa kilo 2. Kwa anayetizama nyuma, mkanda wa bega utokee usawa wa bega au chini yake kidogo. Ukitokea usawa wa masikio, kiti hicho hakimfai bado.

La tatu ni pumzi. Njiti akikaa kwenye kiti, kichwa huangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Kabla hamjatoka wodini pelekeni viti ndani, mwombeni nesi awaangalie watoto wakiwa wamefungwa humo kwa muda. Mlalo wa kiti uwe karibu nyuzi 45. Vingi vina mstari au kipovu cha kuonesha. Siti ya gari ikiwa imeinamia nyuma sana kiti kinasimama vibaya, basi kunja taulo uliviringe utie chini pale siti inapokutana na mgongo wake. Wiki za mwanzo msiwaache humo zaidi ya dakika 30 mfululizo. Mkoani hadi Wete inapita hapo kwa mbali, kwa hiyo simameni Chake, muwatoe wote, muwalaze chali kidogo, ndipo muendelee. Mtu mzima akae nao nyuma, na mkifika nyumbani wasiachwe walale kwenye viti.

Lebo: kwa viti vya Ulaya tafuta ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara. Namba ya kiwango cha usalama iwe R44/04 au R129. R44/01 na 02 ni za zamani, Ulaya walishazikataza. Kwenye mitumba ya Ulaya utaviona viti vya R44/04 kwa wingi, kwa sababu huko havitengenezwi vipya kuuzwa tena tangu Septemba 2024. Si vibaya kwa sababu hiyo pekee. Kibaya ni kiti usichojua kama kimewahi kupata ajali, kilichopasuka povu jeupe la ndani, kilichokatwa lebo au chenye mikanda iliyochanika. Vua kitambaa chote utizame plastiki. Tarehe ya kutengenezwa imepigwa kwa muhuri wa duara chini ya kiti. Kikiwa kimepita miaka kumi kiache, hata ukipewa bure.

Kufunga sasa. Magari ya Japani yalilazimishwa kuwa na ISOFIX, vyuma vya kushikia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, kuanzia 2012. Ya kabla ya hapo mengine yanazo, mengine hayana. Ingiza vidole kati ya mgongo na kalio la siti: unatafuta vyuma viwili vya unene wa milimita 6, vimeachana sentimita 28. Kwa kawaida viko safu ya pili kwenye siti za pembeni, si safu ya tatu. Kwa hiyo huyo wa nyuma atafungwa kwa mkanda, na lazima ujue kufunga kwa mkanda vilevile.

Pitisha mkanda kwenye njia yenye alama ya buluu. Kipande cha kiunoni kwenye ndoana mbili za ubavuni, cha begani kinazunguka mgongo wa kiti. Bonyeza kiti kwa goti, vuta ulegevu wote. Halafu shika kiti pale mkanda unapopita, kitikise: kisicheze zaidi ya sentimita 2.5. Kikicheza juu karibu na kichwa cha mtoto hiyo si hoja, kinachohesabika ni pale kwenye mkanda. Mikanda mingine ya gari ukiivuta hadi mwisho hurudi kwa kutatarika na kujifunga. Hiyo inasaidia sana. Isiyofanya hivyo inahitaji kiti chenye kibanio chake cha mkanda. Na jaribu urefu: mikanda ya safu ya tatu mingine ni mifupi, ulimi haufiki kwenye kifungio baada ya kuzunguka kiti.

Ndani, mikanda ya mtoto ikaze mpaka usiweze kufinya ukunjo wa mkanda penye mfupa wa bega. Usimfunge kanga kwanza kisha mkanda juu yake. Funga mkanda kwenye nguo nyepesi, kanga ije juu kumfunika. Kanga ikiwa chini ya mkanda huacha nafasi usiyoiona, na gari ikipiga breki mtoto anachomoka.

Mbele kwenye mfuko wa hewa, ule wenye alama ya SRS, kiti cha kutizama nyuma hakiwekwi kamwe. Gari nyingi za Japani hazina swichi ya kuuzima.

Huyo mkubwa wa miaka mitano naye anataka kiti cha kumnyanyua chenye mgongo, cha kilo 15 hadi 36, na mkanda wa pointi tatu.

DerevaKonde

Mnamchosha bure. Chukua Hiace, spea kila duka, inaingia familia na mikungu ya ndizi juu.

FundiMtoni

DerevaKonde, kwa biashara sikatai. Kwa mama aliyetoka upasuaji sikubali: sakafu ipo juu, injini ipo chini ya siti za mbele inapika, nyingi zina mlango wa pembeni mmoja tu, na siti za nyuma zilizofungwa hapa na mafundi mikanda yake haikupimwa na mtu. Siti ya kuchomelea siifungii kiti cha mtoto.

Mtu_wa_Utaani

Nawashukuru sana. Swali: kwa maelezo ya kwamba wanatizama nyuma, si bora benchi la siti nane, vichanga wote watatu safu ya pili, mama nyuma anawaona wote kwa pamoja? Na upande mmoja wa safu ya tatu unaukunja unatia kigari cha kusukuma.

Nesi_Chake

Kwenye karatasi ni bora, na ikikubali mimi naipendelea, kwa sababu mtoto wa safu ya tatu yupo karibu na kioo cha nyuma kuliko wenzake. Lakini mambo matatu yote lazima yatimie.

Upana: viti vingi vya vichanga vina sentimita 44 penye upana mkubwa. Tatu ni 132. Pima kutoka plastiki ya mlango hadi mlango usawa wa mabega ya viti, si usawa wa kalio la siti, kwa sababu viti hupanuka juu. Pia vifungio vya mikanda: vikifunikwa na kiti cha jirani huwezi kufunga.

Mkanda wa katikati: uwe wa pointi tatu. Kwenye Noah za mwanzo usitegemee.

Njia: benchi likishakaliwa na viti vitatu, safu ya tatu imefungwa. Kipande cha siti chenye kitako cha ISOFIX hakiinami kupisha mtu. Utafanya hivi: kiti cha upande wa kushoto kiwe cha kubeba kwa mkono, kilichofungwa kwa mkanda bila kitako. Mama anaingia kwanza, unarudisha siti, ndipo unamfunga mtoto wa mwisho. Mama akitaka kutoka lazima mtu wa nje afungue. Akiwa peke yake na watoto, mpango huu haufai, na dharura haisubiri baba arudi dukani.

FundiMtoni

Hapo pa dharura ndipo ninapobaki na uchochoro wangu. Ila wazo la kukunja upande mmoja ni zuri kwa safari za kliniki msipokuwa na bibi wala mkubwa. Kwenye Noah safu ya tatu inakatika nusu kwa nusu, kila nusu inapanda ubavuni na kufungwa kwa kamba yake. Siti zote zikiwa wima, buti linabaki jembamba, kigari kinaingia kikisimama tu. Nenda na kigari chenyewe siku ya kutizama gari, au angalau ukipime kikiwa kimekunjwa.

Sikuigusa Alphard. Noah ya kawaida ina upana wa milimita 1,695, Alphard ya 2002 hadi 2008 ina 1,795, na ya 2008 hadi 2015 ina 1,830. Hizo sentimita kumi ndizo zinazofanya viti vitatu vikae bila kusukumana. Lakini injini ya 2AZ-FE, cc 2,362, ina maradhi mawili yanayojulikana: kula oili, na nyuzi za bolti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku upande wa nyuma, maji yanavuja, gari inachemka. Kagua kiwango cha maji injini ikiwa baridi, na tizama kwa kioo nyuma ya injini kama kuna mabaki meupe au mekundu ya maji ya radieta yaliyokauka. Ikisalimika hapo, ni gari ya raha. Petroli tu itakunywa, na bei ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar, hutangaza kila mwezi, hesabu mwenyewe.

Wakala_Malindi

Ukiagiza Japani, kwa wiki zako 22 huna muda wa kuchagua rangi. Hesabu meli, forodha, namba za ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar), kisha kuivusha hadi Mkoani; ningejipa miezi miwili na zaidi. Kama huwezi kuagiza wiki hii, nunua iliyopo tayari Unguja au hapohapo Pemba. Kumbuka pia kwamba injini ikivuka cc 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda, ndiyo tofauti nyengine ya Noah na Alphard.

Dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayotolewa mnadani Japani, si picha peke yake. Daraja 4 au 3.5 ni sawa kwa gari ya umri huo. R au RA ni gari iliyotengenezwa baada ya ajali, na kwa mwenye viti vitatu vya watoto ndani sioni sababu ya kuichukua. Kwenye mchoro wa bodi A ni mkwaruzo na U ni kubonyea, hivyo visikutishe. Herufi za kutisha kwa mtu wa kisiwani ni S, kutu, na C, kutu iliyoanza kula bati. Gari zilizotembea Hokkaido na sehemu zenye theluji hupitia barabara zilizomwagwa chumvi, zinafika hapa juu zinang'aa, chini zimeoza. Omba picha za chini: reli za chesisi, mabomba ya breki, na pale shokapu za nyuma zinapofungwa.

Ikishavuka bahari ioshe chini kwa maji baridi ya mfereji siku hiyohiyo. Na tafadhali msiipake oili chafu chini kama wanavyofanya wengi. Oili inalainisha busha na mipira yote, unazuia kutu unanunua kelele.

FundiMtoni

Naunga mkono hilo la oili chafu. Na Noah za toleo la "Si" zenye bampa la kushuka, kwa njia yako ya shamba, zitakwangua. Ya kawaida, matairi 195/65R15, upepo kwa mujibu wa stika iliyopo nguzo ya mlango wa dereva. Ya kuvuta magurudumu manne huihitaji kwa ajili ya kipande kifupi cha udongo. Inaongeza uzito na mafuta kila siku kwa ajili ya siku chache za masika.

UmmuKulthum_Vitongoji

Kaka yangu, nakuongezea ya matumizi, hayo ya injini wenyewe wamo.

Gari iwe na milango ya kuburuza hata kama si ya umeme. Mlango wa kufunguka nje kwenye maegesho ya Darajani au Chake mjini haukuachii nafasi ya kuingiza kiti chenye mtoto. Kiti cha kubeba kina kilo 4 au zaidi, na mtoto juu yake. Mama wa upasuaji wiki sita za mwanzo haambiwi anyanyue zaidi ya mtoto wake, kwa hiyo viti visitoke kwenye gari, wabebwe watoto.

Utaratibu wa kupakia mkiwa wawili: gari kivulini, hendibreki, injini na AC ziwake, milango wazi mpaka joto litoke. Shika vifungio vya chuma kwa mkono kwanza. Jua likivipiga vinaunguza, ndiyo maana gari ikiegeshwa viti vinafunikwa kanga nyeupe. Anaanza wa safu ya tatu, kisha wa kulia, wa mwisho wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Kushusha ni kinyume chake. Mmoja yupo nao ndani muda wote. Gari iliyofungwa juani inapanda joto kwa dakika chache na kichanga hawezi kuhimili. Asiachwe hata mmoja "kwa dakika moja" kwa sababu wawili wameshatoka.

Kigari cha watatu msinunue, kinajaza buti zima na uchochoro wowote wa mji hakipiti. Cha wawili cha mmoja mbele mmoja nyuma, na wa tatu mbeleko. Cha wawili wa ubavu kwa ubavu kina karibu sentimita 76, milango mingi ya nyumba zetu za zamani kitakwama.

Na funga kioo cha kumwonea mtoto kama mama atakaa mbele. Kiwe cha plastiki, kifungwe kwa kamba mbili. Cha kunata hudondoka kwa joto.

Mgeni_Jambiani

Samahani kuingilia. Sisi ni pacha wawili na hakuna mwengine nyumbani. Kweli tunahitaji Noah?

FundiMtoni

La. Wawili na wazazi wawili mnatosha kwenye Raum ya 2003 hadi 2011: injini ya 1NZ-FE cc 1,496 ambayo kila fundi anaijua, milango ya nyuma ya kuburuza, na upande wa kushoto hauna nguzo ya kati, ukifungua milango yote miwili unaingia na kiti chako bila kuinama sana. Kabla ya kuichukua kagua mpira wa mlango huo wa kushoto na uumwagie maji ya bomba dakika tano. Ikivuja, maji yanakaa chini ya zulia na sakafu inaanza kuoza hapo. Mkitaka siti za ziada kwa wageni, Sienta ya mwanzo, injini ileile, siti za safu ya tatu zinazama chini ya safu ya pili. Hizo siti za nyuma ni za watoto wakubwa kwa safari fupi, kiti cha kichanga usikifunge hapo. Wish nayo nzuri, lakini milango yake inafunguka nje, na UmmuKulthum ameshalisema hilo.

Mtu_wa_Utaani

Allah awalipe. Kesho naanza na viti vitatu kwanza, kisha navipeleka kwenye gari. Ipo ZRR70 ya siti saba Mwanakwerekwe na nyengine ya siti nane Chake, nitapima zote mbili upana wa mabega na kuangalia mkanda wa katikati, bati la injini na mabomba ya AC chini.

Nesi_Chake

Chukua na mdoli au mfuko wa mchele wa kilo 2 uufunge kwenye kila kiti ukiwa hapohapo kwa muuzaji. Utajua papo hapo kama mikanda ya mabega inashuka vya kutosha.